Ahadi ni Deni: Mtoto Maskini na Mlango wa Shule

Msomaji, ukisafiri kutoka Nairobi kwa barabara kuu iendayo magharibi, utateremka katika Bonde la Ufa, utapita Naivasha na Gilgil, utaliacha Ziwa Elementaita mkono wako wa kushoto, na baada ya kupita Lanet utafika mahali paitwapo Free Area, mlangoni mwa Nakuru. Jina hili ni la Kiingereza, na ukilitia katika Kiswahili laweza kuwa eneo huru au eneo la bure. Neno bure katika lugha yetu lina maana mbili. Kitu cha bure ni kile kitolewacho bila malipo. Lakini kazi ya bure ni kazi isiyo na faida, na mtu aliyeteseka bure ameteseka pasipo sababu. Nakuomba uzishike maana hizo mbili, kwa kuwa habari nitakayokusimulia ni habari ya neno hilo. Ni historia ya ahadi ya elimu ya bure waliyopewa watoto wa maskini katika nchi yetu, ya jinsi ilivyotimizwa nusu kwa nusu, na ya deni lililobaki.

Free Area ni mtaa wa watu wa kazi. Asubuhi na mapema vibarua wa ujenzi wamekwisha kushika njia, wachuuzi wamekwisha kupanga sukuma wiki na nyanya, na vijana wa bodaboda wangoja abiria. Wengi wao hula jioni walichokipata mchana. Mtu mwenye mshahara wa mwezi akiambiwa apeleke shilingi 200 shuleni, huzitoa akasahau. Mtu wa kibarua akiambiwa hivyo, hana budi kuchagua kati ya shule na unga. Basi mahali kama hapa ndipo pa kupimia msaada wa serikali kwa shule za msingi. Tusiupime kwa hotuba wala kwa wingi wa sheria. Tuupime kwa swali moja: je, mtoto wa kibarua aliingia shuleni, na akiisha kuingia, alikaa?

Mambo haya yana mizizi mirefu. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika sehemu hizi za Bonde la Ufa kwa mkataba uliofanywa na Waingereza, na ardhi ikagawiwa walowezi. Mashamba makubwa yalihitaji wafanyakazi, na watu wengi, hasa Wakikuyu, waliacha makwao wakaja kukaa mashambani kwa sharti la kufanya kazi. Watu hao waliitwa maskwota. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wamtumikie mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka, na sheria ya mwaka 1937 iliwabana zaidi. Watoto wao nao walihesabiwa kuwa mikono ya kazi: walichunga mifugo, na pareto ilipochanua waliichuma.

Skwota alipotaka shule kwa ajili ya mwanawe, alikuwa na shida mbili. Kwanza, ardhi haikuwa yake, hata kibanda cha kusomea hakikuweza kusimama bila ruhusa ya mwenye shamba. Pili, serikali haikujifunga kumjengea. Mara nyingi wazazi wenyewe walisimamisha nyumba ya udongo na nyasi, wakachanga senti zao, wakamlipa mwalimu. Baada ya ugomvi wa mwaka 1929 kati ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, vilianzishwa vyama vya shule za kujitegemea, na shule za namna hiyo zikaenea hata katika Bonde la Ufa. Mwaka 1939 chuo cha kufundishia walimu kilifunguliwa huko Githunguri kwa juhudi za Mbiyu Koinange. Wakati huohuo elimu ya koloni ilikwenda kwa rangi ya ngozi. Mwaka 1942 serikali iliifanya elimu kuwa ya lazima kwa watoto wa Kizungu. Mtoto wa Kiafrika, kwa shauri la kamati ya Beecher ya mwaka 1949, aliwekewa miaka 4 ya kwanza, kisha mtihani wa kumchuja. Mwezi wa Oktoba mwaka 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, shule za kujitegemea zilifungwa au zikatiwa mikononi mwa wengine, chuo cha Githunguri kikafungwa, na maelfu ya maskwota wakarudishwa kwa nguvu katika maeneo waliyotengewa.

Sikukutajia hayo kwa kutaka kufukua machungu. Nimeyataja kwa sababu hata leo wako wasemao kwamba maskini haithamini elimu, na kwamba mtoto wake hukaa nyumbani kwa uvivu wa wazazi. Historia ya bonde hili yawakanusha. Watu wasiokuwa na ardhi wala kura walijenga shule kwa udongo wa shamba la mwingine. Kilichowapungukia ni uwezo, na ulinzi wa dola.

Sasa tufike mwaka 1963, mwaka wa ahadi mbili. Tarehe 12 Agosti mwaka huo, Jomo Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikutana na wakulima wa Kizungu mjini Nakuru. Aliwaambia kwamba yaliyopita yasameheane, na kwamba anayetaka kubaki na kulima ana nafasi katika Kenya huru. Hiyo ni ahadi ya kwanza. Ya pili ilikuwa imekwisha kutolewa mapema katika mwaka uleule, katika ilani ya uchaguzi ya chama cha KANU: kila mtoto atapata elimu ya bure isiyopungua miaka 7. Ahadi ya kwanza ilitimizwa upesi. Aliyetaka kubaki alibaki, na wengi waliotaka kuondoka waliuza mashamba yao wakalipwa, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilikuwa mikopo kutoka Uingereza. Ahadi ya pili iliambiwa ingoje.

Yafaa tuwe waadilifu, msomaji. Serikali changa ilikuwa na mahitaji mengi kuliko fedha. Tume ya Profesa Simeon Ominde, iliyotoa taarifa yake ya kwanza mwaka 1964, ilizivunja kuta za rangi katika elimu, ikapendekeza shule ya msingi iwe moja kwa wote, ya miaka 7. Iliikubali elimu ya bure kuwa shabaha, lakini iliona kwamba hazina haiwezi kuibeba mara moja. Nchi ilihitaji makarani, waganga, wahandisi na walimu wa kushika nafasi zilizoachwa na wageni, na fedha nyingi zikaelekezwa katika shule za sekondari na mafunzo ya juu. Wananchi wakaambiwa wajenge kwa harambee, nao wakajenga. Walakini harambee huenda mbali zaidi pale penye wenye nacho. Kijiji chenye kahawa kilijenga madarasa ya mawe. Watu wa vibarua walijenga ya mabanzi.

Mlango ulianza kufunguliwa mwaka 1971, Rais Kenyatta alipoondoa karo katika wilaya za maeneo makavu, kama vile Turkana, Marsabit na Wajir. Kisha, tarehe 12 Desemba mwaka 1973, katika sikukuu ya miaka 10 ya uhuru, alitangaza kwamba kuanzia Januari 1974 madarasa 4 ya kwanza yatakuwa bila karo nchini kote, na madarasa ya juu yatalipa shilingi 60 kwa mwaka. Ikawaje? Mwaka 1973 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi kama milioni 1.8. Mwaka 1974 walikuwa kama milioni 2.7. Fikiri vema juu ya hesabu hiyo. Wale watoto karibu laki 9 hawakuzaliwa mwezi ule wa Januari. Walikuwako siku zote, nyuma ya mlango, na kilichowazuia kilikuwa karo.

Lakini mlango uliofunguliwa pasipo matayarisho haukudumu wazi. Walimu walikuwa wachache, wakaajiriwa maelfu wasiokuwa na mafunzo. Madarasa yalijaa, na kwa kuwa karo haikutozwa tena, kamati za shule zilibuni mchango wa ujenzi ili kupata majengo na madawati. Mahali pengi mchango ule ulizidi karo ya zamani. Hivyo mtoto aliyeingia mwezi wa Januari bila karo alirudishwa nyumbani baadaye kwa ajili ya mchango. Jina lilibadilika, mzigo ukabaki uleule begani mwa mtu yuleyule.

Jambo hili lilirudi mara ya pili. Mwaka 1979, baada ya Rais Daniel arap Moi kushika madaraka, malipo yaliyosalia yaliondolewa, na mpango wa maziwa ya shule ukaanzishwa. Wanafunzi, waliokuwa karibu milioni 3 mwaka 1978, walifika milioni 3.7. Maziwa ya Nyayo yalikuwa zaidi ya kinywaji. Kwa mtoto aliyetoka nyumbani bila kifungua kinywa yalikuwa sababu ya kuja shule na nguvu ya kusikiliza. Lakini uchumi ulidhoofika, na mwaka 1988 serikali, ikifuata mapendekezo ya jopo lililoongozwa na James Kamunge, ilishika siasa ya kugawana gharama: serikali iwalipe walimu, wazazi wabebe vitabu, majengo na vifaa. Katika miaka ya 1990 mpango wa maziwa ulififia, michango ikaongezeka, na watoto wa maskini wakaanza tena kupungua darasani.

Mara ya tatu ndiyo iliyo karibu nasi. Mnamo Januari 2003 serikali mpya ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo na michango katika madarasa yote 8. Safari hii fedha ziliwekwa mahali pa karo: shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, yaani 650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, na 370 za matumizi mengine ya shule. Wanafunzi waliokuwa kama milioni 5.9 mwaka 2002 walifika kama milioni 7.2. Mwaka uliofuata, katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo huko Eldoret, aliandikishwa darasa la kwanza mzee wa miaka 84, Kimani Maruge, ambaye aliwahi kupigana katika vita vya Mau Mau. Ulimwengu mzima ulimstaajabia. Mimi nilipomwona katika picha, amevaa kaptula na soksi ndefu za shule, niliwakumbuka wale watoto wa enzi yake waliofungiwa shule. Mzee yule alikuwa amekuja kuidai ahadi yake.

Mwaka ule wa 2003 nilikuwa darasa la tano. Niruhusu nikueleze habari ya mwenzangu tuliyekaa dawati moja. Mwaka uliotangulia, kila Jumatatu mwalimu alisoma majina ya wasiolipa michango, na mwenzangu hakungoja jina lake lisomwe. Alitia daftari lake katika mfuko wa plastiki akatoka kimya. Januari ilipofika, majina hayakusomwa tena. Dawati letu la watu 3 likawa la watu 5, tukiandika kwa zamu ya viwiko, na yeye akakaa mwaka mzima, akawa wa kwanza katika hesabu. Lakini mwaka wa pili alianza kukosa siku, mara 1 kwa juma, mara 2, hata akaacha kabisa. Alikuwa akibeba mizigo sokoni ili wadogo zake wale. Safari hii hakuna mtu aliyemfukuza. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sasa huwafundisha walimu watarajiwa chuoni: karo ni kizuizi cha kwanza, nayo ikiisha kuondolewa, vingine huonekana nyuma yake. Kuna sare, kuna chakula cha mchana, kuna karatasi za mitihani, kuna kazi anayoikosa mtoto akienda shule.

Nakuru nao uliendelea kukua. Vurugu za mwaka 1992, za mwaka 1998, na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwatoa watu wengi mashambani, na mapema mwaka 2008 maelfu walilala katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nakuru. Watoto waliokimbia pamoja na wazazi wao walihitaji madawati katika shule ambazo zilikuwa zimekwisha kujaa. Katika mitaa ya maskini ya miji yetu, pale ambapo shule ya serikali iko mbali au haina nafasi, makanisa na watu wa kujitolea wamefungua shule ndogondogo, mara nyingi za mabati. Serikali iliziwekea mwongozo, na baada ya mwaka 2003 baadhi yao zilipata fedha za vitabu. Lakini nyingi huishi kwa ada ndogo za wazazi na sadaka za wafadhili. Hivyo yatokea kwamba mtoto maskini kabisa hulipa, hali mwenye nafuu kuliko yeye husoma bila malipo.

Sheria sasa yasema wazi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo ya bure na ya lazima. Shule za chekechea ziliachiwa kaunti, na shule za msingi zikabaki chini ya serikali ya taifa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza karo ya masomo katika shule za umma. Waziri aweza kuruhusu malipo mengine, lakini mtoto asikataliwe shuleni kwa sababu mzazi wake ameshindwa kulipa. Basi elimu imetoka katika mlango wa hisani ikaingia katika mlango wa haki. Hisani huombwa, haki hudaiwa.

Hata hivyo, kuna kosa moja lililofichika ndani ya wema wenyewe. Ruzuku hutolewa kwa kiasi kimoja kwa kila mwanafunzi, awe mtoto wa daktari au wa mzoa taka. Jambo hilo lafanana na haki, lakini litazame kwa makini. Shule ya wazazi wenye uwezo hupokea ruzuku, na wazazi huongeza juu yake maktaba, chakula na basi. Shule ya vibarua hupokea kiasi kilekile, na juu yake hakuna cha kuongeza. Ikiwa wawili wako kisimani, mmoja ana ngazi na mwingine hana, ukiwapa wote kamba ya urefu mmoja, bado mmoja atabaki chini. Msaada wa haki ni ule unaomfikia aliye chini zaidi: walimu wa kutosha mahali penye watoto wengi, na chakula mahali penye njaa. Kenya imekuwa na mpango wa chakula shuleni tangu mwaka 1980, kwanza kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani, na tangu mwaka 2018 umo mikononi mwa serikali yenyewe. Lakini umelenga hasa maeneo makavu, na njaa haikai katika maeneo makavu peke yake.

Tusidhani kwamba sisi peke yetu tulitembea mwendo huu wa taratibu. Uingereza ilipitisha sheria yake kuu ya shule za msingi mwaka 1870, lakini karo haikuondolewa katika shule nyingi hadi mwaka 1891, na sheria ya kuruhusu halmashauri kuwalisha watoto wenye njaa ilikuja mwaka 1906. Nao waliona kwamba mlango, dawati na sahani ni vitu vitatu mbalimbali. Jirani zetu wa Uganda nao watupa fundisho jingine. Uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba, katika fedha za ruzuku zilizotolewa kwa shule za msingi, kwa wastani asilimia 13 tu ndizo zilizofika shuleni. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichopelekwa, na shule zikatakiwa kubandika hesabu ukutani. Baada ya miaka michache sehemu iliyofika ilizidi asilimia 80. Mageuzi mengine yalisaidia, lakini ni wazi kwamba fedha huogopa macho ya watu wanaojua hesabu.

Hapa ndipo unapoingia wewe, msomaji wa sekondari. Umekwisha kuvuka shule ya msingi, na katika kuvuka kwako kuna kodi ya watu wengi usiowajua, hata ya yule mchuuzi wa Free Area anunuaye sabuni na mafuta ya taa. Siku moja utakuwa mwalimu, mhasibu, mjumbe wa bunge la kaunti, au mzazi katika halmashauri ya shule. Usikiapo serikali, iwayo yote, ikitangaza elimu ya bure, furahi, kwa maana historia imeonyesha mara tatu kwamba watoto huja mbio. Kisha uliza: Fedha za kushika nafasi ya karo ziko wapi, nazo zimefika lini? Mwalimu mmoja ana watoto wangapi? Ni nani aliyekuja mwezi wa Januari ambaye hayuko mwezi wa Oktoba, na kwa sababu gani?

Swali hilo la mwisho ndilo ambalo hakuna aliyeliuliza juu ya mwenzangu. Lau lingeulizwa, na lau sahani ya githeri ingemngoja saa ya mchana, yamkini angekuwa leo mwalimu wa hesabu katika chuo kama hiki changu. Kwake elimu ilikuwa ya bure kwa maana ya kwanza, kisha ikawa ya bure kwa maana ya pili. Wazee walisema ahadi ni deni. Deni hili lilikubaliwa mwaka 1963, limelipwa sehemu kwa sehemu, na mdai wake bado yupo: ni mtoto apitaye asubuhi kando ya barabara kuu ya Nakuru, daftari lake likiwa ndani ya mfuko wa plastiki.